Maharage Yanayong'aa

Mbeya,
3 Februari 2025

Mwalimu Yusta Kalinga,
Igowole, Mufindi.

YAH: OMBI LA MSAADA WA HARAKA KUHUSU UPIGAJI WA PICHA ZA CHAKULA

Shikamoo dada. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Ninaandika kwa mkono na kuituma barua hii kwa basi, kwa konda Crispin, kwa sababu unayoijua. Tangu siku ile nilipokuandikia kwamba bosi wangu amevaa kofia inayofanana na sufuria, na ujumbe ukaenda kwenye kundi la ofisi badala ya kwako, siiamini tena simu, hata ikiita sipokei. Niliufuta, lakini watu wote walikuwa wameshausoma, na Ndugu Kashindye mwenyewe alikuwa ameshaujibu. Aliandika neno moja: "Ahsante." Kofia hajaivaa tena, na mimi usingizi wangu haujarudi.

Sasa limenipata kubwa zaidi. Kama unavyojua, hapa kituo cha walimu bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Mwisho wa Machi ndipo itaamuliwa kama nathibitishwa kazini au narudi kwa mama, kule Kiwira, kulima viazi. Ijumaa tulikuwa na kikao. Ndugu Kashindye akasema kituo kitatengeneza picha za kufundishia sayansi kimu, zionyeshwe kwenye semina ya walimu Iringa, kisha zichapwe na kupelekwa shuleni. Akauliza ni nani kati yetu anayejua kupiga picha za chakula. Wakati huohuo mimi nilinyanyua mkono kuomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Chai ilikuwa nyingi.

Akasema, "Ahsante, Obeid," akaandika jina langu. Nikasimama ili nieleze. Wakanipigia makofi.

Dada, mfanyakazi wa majaribio anawezaje kusimama mbele ya makofi na kusema kwamba alikuwa anataka choo? Nikatoka mle ndani nikiwa mpiga picha.

Chakula pekee nilichowahi kukipiga picha ni keki ya harusi yako, na kinachoonekana pale ni kisu na tumbo la mjomba. Wewe ndiye mwalimu wa somo hili. Naomba unieleze chakula hupigwaje picha, na ninyi walimu mnahitaji picha zipi hasa. Natanguliza shukrani.

Ndimi mdogo wako mtiifu,
Obeid Mwasomola
Karani (wa majaribio)


Igowole,
8 Februari 2025

Obeid,

Marahaba. Mimi si mkurugenzi. Ukiniandikia tena YAH nitaigonga muhuri na kukurudishia. Shemeji yako Vitus aliiona mezani akadhani nimepewa uhamisho, akaanza kuuliza nani atabaki na kuku.

Kwanza acha kutetemeka. Huyo Kashindye nilikuwa naye kwenye mafunzo mwaka juzi. Hamli mtu. Ni mkimya tu, kama watu wengi waliokua wakichunga.

Haya, chakula. Flashi ya simu izime kabisa. Inayafanya maharage yaonekane kama macho ya paka gizani. Weka sahani kando ya dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni. Ugali usiupige kutoka juu, utakuwa kama kifungo cha koti. Inama uupige kwa ubavu, uonekane umesimama. Mboga ndiyo upige kutoka juu. Ondoa vitambaa vya maua maua, macho ya watoto yatakwenda kwenye maua. Futa ukingo wa sahani. Na piga upesi, mvuke ungalipo. Mbeya kuna baridi, mvuke unaonekana vizuri, kwa hiyo una bahati angalau kwa hilo.

Umeuliza tunahitaji nini. Kaa chini. Kitabu nilicho nacho kina picha ya pudingi yenye tunda jekundu juu. Nilipowaonyesha kidato cha pili, mmoja akaniuliza kama ni kofia ya askofu. Jiko la somo ni moja, la mkaa, na chumba chake kinavuja. Nafundisha kupika kwa chaki, mdogo wangu. Wanafunzi wangu wanaweza kukuandikia ukurasa mzima juu ya kukanda unga, na hawajawahi kunawa unga mikononi darasani.

Nataka picha za vyakula wanavyovijua. Na zaidi ya yote nataka picha za makosa: ugali wenye mabuje, yale madonge ya unga usioiva, wali bokoboko, kiazi kilichomenywa hadi nusu yake ikaenda na ganda. Siwezi kuharibu unga wa shule ili waone mabuje yalivyo, mkuu wa shule atanitoa roho. Na picha za namna hiyo huzipati popote, kwa sababu kila mtu anapiga picha kile kilichomtokea vizuri.

Vitus anakusalimu.

Dada yako,
Yusta


Mbeya,
17 Februari 2025

Dada Yusta,

Shikamoo. YAH nimeiacha kama ulivyoagiza, ingawa barua inajisikia kama imetoka nje bila viatu.

Nimejaribu. Naomba nikueleze matokeo bila kuficha.

Chumbani kwangu dirisha linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo nilihamia uani kwa Mama Lea, mwenye nyumba wangu, ambako mwanga ni mzuri mvua isiponyesha. Shida ya uani ni watu. Unaweka sahani, unainama, mtu anapita. Utafanyaje? Unasema karibu. Na kwenye nyumba hii watu wakikaribishwa wanakaribia. Danieli, fundi viatu wa chumba cha mbele, alikuja akiwa tayari ameshanawa. Kwenye picha ya ugali unaonekana mkono wake. Kwenye picha ya mchicha unaonekana mkono wake. Picha ya viazi haina mkono, lakini haina viazi pia.

Mama Lea alionja kidogo, akarudisha kijiko, akaniambia, "Pole, mwanangu." Halafu akauliza kama nina mchumba.

Ndipo nikaanza kutazama video za wataalamu. Dada, nimegundua jambo. Wataalamu hawapigi picha chakula! Wanapiga kitu kinachofanana na chakula. Maziwa halisi kwenye picha huonekana mepesi kama maji ya kunawia, kwa hiyo wao humimina gundi nyeupe, ile ya mbao. Maharage hupakwa mafuta kwa brashi ili yang'ae. Kiungo nilichokosa ni mafuta yasiyo na harufu. Sokoni Mwanjelwa nilipata ya kupaka mwilini, yenye waridi. Nimejaribu kwa kijiko kimoja cha maharage na picha ya matokeo nimekufungia humu. Yanang'aa kama magari ya harusi.

Je, inaruhusiwa? Nasubiri jibu lako kabla sijaendelea. Nitaendelea kidogo tu wakati nikisubiri. Jumanne ya wiki ijayo nitapigia ofisini, kwenye chumba cha mikutano. Kuna dirisha kubwa, na saa za mchana hapiti mtu wa kukaribishwa.

Mdogo wako,
Obeid


Igowole,
20 Februari 2025

Obeid,

USIFANYE.

Naandika nimesimama, Vitus anaikimbiza barua hii Nyololo kwa pikipiki ili imwahi Crispin.

Mtoto akiona maharage haya ukutani, halafu akapika ya kwake yakatoka na rangi ya maharage, atadhani amekosea. Atatafuta kosa lake mpaka aache somo. Sikukuomba picha za kutamanisha, mimi siuzi hoteli. Piga kinacholiwa. Kama kimeungua, piga kilichoungua.

Na kama umeshamimina hiyo gundi kwenye glasi, iondoe leo hii kabla mtu hajaumia.

Yusta


Mbeya,
25 Februari 2025

Dada yangu mpendwa,

Kama ulinijibu, barua yako sijaipata. Crispin ananiambia kuna bahasha alipitiliza nayo usingizini na sasa iko Tunduma, kwa mama mmoja muuza vocha. Hata hivyo nadhani sasa haitasaidia. Nimekwisha.

Leo mchana nilipanga meza kando ya lile dirisha. Wali upande mmoja. Sahani ya maharage, yote yamepakwa, hata moja halikubaki bila waridi. Na glasi ya maziwa mgando, yaani gundi. Mwanga ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nilipiga picha moja tu, na nilipoinama tena, mlango ukafunguka. Ndugu Kashindye.

Sikufikiri, dada. Mdomo wangu umelelewa na mama yetu. Ulisema wenyewe: "Karibu, mzee."

Akanitazama. Akaitazama sahani. Akasema, "Ahsante," akaenda kunawa mikono.

Muda aliotumia kunawa ungemtosha mtu mwingine kusema ukweli. Mimi niliutumia kumtafutia kijiko.

Akala. Alitafuna polepole akitazama ukutani. Kijiko cha pili alitulia kidogo, akavuta hewa kwa pua, kama mtu anayepita mbele ya saluni. Nikasema, "Mzee, si lazima umalize." Akasema, "Kijana, chakula cha mtu hakiachwi." Akaendelea. Alimaliza yote, akakwangua na ukingo.

Halafu mkono wake ukaenda kwenye glasi.

"Maziwa mazito hivi umeyatoa wapi?"

"Yamechacha, mzee."

"Ndiyo mazuri."

Akainua. Nikarusha mkono kama namfukuza nzi. Nzi hakuwepo. Glasi yote ilimwagikia mapajani, kwenye ile suruali yake ya kijivu. Nikashika karatasi zilizokuwa karibu nikaanza kumfuta, na karatasi zikabaki palepale. Zilikuwa muhtasari wa kikao.

Akasimama akiwa na muhtasari pajani. Hakupandisha sauti. Alipofika mlangoni aligeuka akasema: "Tutaongea."

Nimelitafakari neno hili tangu saa ile. Hakusema "njoo tuongee", ambayo ina huruma ndani yake. Hakusema "tuongee", ambayo ina mwisho. Alisema tutaongea. Ni wakati ujao, na hakutaja siku. Mtu anayesema hivyo anakwenda kwanza kushauriana na wakubwa.

Siwezi kukutana naye kabla sijajua la kujibu. Kwa sasa nikisikia hatua zake naingia stoo kuhesabu chaki.

Obeid


Mbeya,
10 Machi 2025

Mwalimu Kalinga,

Salaam. Ni mimi Kashindye, mkuu wa kituo cha walimu, tulikuwa wote mafunzoni. Jina lako nimelikuta kwenye faili la Obeid kama ndugu yake wa karibu, ndiyo maana nakusumbua. Naandika barua kwa sababu ameniambia Crispin, yule konda, kwamba ninyi hampendi simu.

Nakuuliza kama mzazi. Je, kijana huyu ana shida nyumbani?

Nimeuliza kwa sababu hii. Siku moja nilimkuta peke yake na chakula. Akanikaribisha vizuri, kwa heshima, kama mtoto aliyelelewa. Nikala. Mwalimu, yale maharage yalikuwa na mafuta ya kupaka. Harufu ile naijua, mke wangu Minza hujipaka akienda kanisani. Nikawaza kwamba mshahara wa karani wa majaribio ni mdogo, mwezi unaisha, mafuta ya kupikia yamemwishia, ameona aibu kukopa, akatumia aliyo nayo. Na bado akanikaribisha. Kwa hiyo nilimaliza sahani. Tumbo lilinisumbua kidogo lakini si jambo la kusema.

Kulikuwa na maziwa pia, akanimwagia. Sisi tumekua na ng'ombe huko Usangu, baba alitoka nao Shinyanga, na maziwa ya namna ile sijayaona. Minza amefua suruali kila namna. Juzi aliiegemeza ukutani, ikasimama bila mtu.

Nilimwambia tutaongea. Nilitaka tuzungumze taratibu, nimpe lita mbili za alizeti bila kumdhalilisha. Tangu siku hiyo sijamwona uso. Nikiingia kwa mlango anatoka kwa dirisha. Nikisikia yuko stoo, nikifika nakuta chaki tu.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi. Barua yake ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwangu, nimeshaijaza. Anatakiwa asaini mbele yangu kabla ya tarehe 31. Ikipita hapo, nafasi inarudi makao makuu na anapewa mtu mwingine. Kazi yake naipenda. Mafaili ambayo hayakuwahi kuonekana sasa yanaonekana. Hata kazi ya picha nilimpa kwa sababu hiyo. Nilijua siku ile kikaoni alitaka kutoka nje, lakini mkono ulionyanyuka ulikuwa huo mmoja tu.

Nishauri, mwalimu. Mtu kama huyu anakamatwaje?

Wako,
Kashindye


Igowole,
14 Machi 2025

Mzee Kashindye,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikilia kwa kucheka na mara ya pili nikilia kwa aibu. Nitakueleza yote, maana yeye hatathubutu.

Mafuta ya kupikia anayo. Yale hayakuwa maharage ya kuliwa, yalikuwa ya kupigwa picha. Amejifunza kwenye video kwamba chakula hupakwa ili king'ae. Nilimwandikia asifanye, barua ikapitiliza Tunduma. Ulipoingia, alipaswa kukuambia usile, lakini mdogo wangu, kama mama alivyomlea, hawezi kuwa na sahani mbele yake na mkubwa amesimama, asiseme karibu. Ni kama kupiga chafya.

Maziwa yalikuwa gundi ya mbao. Mzee, alipokumwagia alikuwa anakuokoa. Minza ajaribu maji ya moto na siki, ingawa naogopa suruali hiyo imeshachukua msimamo wake.

Namna ya kumkamata: usimwambie "tutaongea". Neno hilo limemla. Mwambie "saini hapa", na umwonyeshe pa kusaini. Akiweza kukaa mahali pasipo na dirisha itakuwa vizuri zaidi.

Naomba umsamehe.

Mwalimu Yusta Kalinga


Mbeya,
17 Machi 2025

Dada Yusta,

Shikamoo. Barua yako ya USIFANYE imenifikia wiki iliyopita kutoka Tunduma, ina doa la chai. Ulisema kweli tupu.

Nimefanya maamuzi. Kuliko kusubiri kufukuzwa, jambo ambalo mama hatalisahau, leo asubuhi nimeweka barua kwenye trei ya Ndugu Kashindye. YAH: KUACHA KAZI. Nisamehe, kwa barua hii YAH ilikuwa lazima. Nimeandika kwamba naacha kwa hiari yangu kuanzia mwisho wa mwezi, na nimeomba radhi kwa suruali bila kuitaja, nikaiita "mali binafsi ya kiongozi".

Semina nitakwenda, kwa sababu kazi niliyopewa sitaki kuiacha katikati. Na nikuambie jambo. Tangu niipate barua yako nimepiga picha upya usiku na mchana, chakula halisi, nilichopika mwenyewe, bila kupaka kitu. Ile orodha yako ya makosa nimeikamilisha. Ugali wenye mabuje: nimepata kwa jaribio la kwanza. Wali bokoboko: jaribio la kwanza, na chini yake ukoko mweusi, hivyo picha mbili kwa sufuria moja. Kiazi kilichomenywa vibaya: ndivyo ninavyomenya siku zote. Nilichoshindwa ni kupata vile vilivyo sahihi vya kuweka kando ili watoto walinganishe. Mama Lea amenisaidia hapo. Alipika ugali wake, akauweka karibu na wangu, akaziangalia sahani zote mbili kwa muda mrefu, akaniuliza tena kuhusu mchumba.

Naogopa sana, dada. Sijui nitamwambia nini mama.

Obeid


Igowole,
20 Machi 2025

Obeid!

Umefanya NINI?

Sikiliza vizuri. Barua yako ya KUTHIBITISHWA iko mezani kwa Kashindye tangu mwanzo wa mwezi. Imejazwa. Ameniandikia mwenyewe. Kinachosubiriwa ni saini yako, mbele yake, kabla ya tarehe 31, na wewe unahesabu chaki! "Tutaongea" ilikuwa lita mbili za mafuta ya alizeti. Alidhani unapika kwa mafuta ya kupaka kwa sababu ya njaa.

Nenda kwenye hiyo trei. Itoe hiyo barua yako ya kuacha kazi kabla hajaisoma. Kama ameisoma, mwambie umerudisha akili.

Semina nilitaka nije nikushike mkono, lakini nasimamia mitihani. Uko peke yako. Picha za mabuje zipeleke, usizifiche chini ya nyingine, nakujua.

Yusta


Iringa,
27 Machi 2025

Dada Yusta,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka chumba cha wageni, hapa mjini juu kilimani. Barua yako Crispin alinipa jana alfajiri nikiwa naingia kwenye gari la ofisi. Niliisoma nikiwa nimeshakaa. Nilipoinua macho, aliyekaa pembeni yangu kiti cha nyuma alikuwa Ndugu Kashindye, na dirisha lilikuwa upande wake.

Kutoka Mbeya hadi Chimala alitazama ng'ombe kando ya barabara. Tulipofika Igawa akatoa barua yangu mfukoni.

"Ina kosa," akasema.

"La lugha, mzee?"

"La ukweli. Umeandika unaacha kazi kwa hiari yako. Tangu uje pale, mimi sijakuona ukifanya jambo lolote kwa hiari yako."

Akaikunja, akairudisha mfukoni. "Semina kwanza," akasema, akalala mpaka Mafinga. Sikujua kama nimefukuzwa, nimethibitishwa, au nimekaripiwa tu.

Leo walimu walijaa ukumbi. Picha tulizibandika ukutani. Zile za mabuje niliziweka mstari wa mbele kama ulivyosema. Ile ya maharage yanayong'aa sikuipanga mimi. Dereva Sedekia aliikuta kwenye bahasha, akaipenda, akaibandika katikati kabisa.

Mgeni rasmi alipita haraka kwenye mabuje, akakunja uso. Alipofika kwenye maharage alisimama. Akawaita wasaidizi wake. "Hii," akasema kwa sauti, "hii ndiyo picha! Angalieni! Hii ichapwe kubwa, iende kila shule. Zile chafu za pale ziondolewe. Nani amepiga?"

Ndugu Kashindye akageuka. Alinitazama tu. Watu wakaanza kupiga makofi.

Dada, nilikuwa nakaa kimya. Nataka ujue kwamba nilikuwa nakaa kimya kabisa. Barua yangu ilikuwa mfukoni mwa bosi, na mbele yangu mtu ambaye simu yake moja ingeimaliza kazi ambayo sikujua kama ninayo. Lakini nikaiona meza yako yenye chaki, na mtoto wa Igowole akikwangua sufuria yake akitafuta mng'aro ambao haupo. Nikasikia mtu anasema, "Hapana."

Nilikuwa mimi.

Makofi yakaisha mojamoja. "Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Hayo hayaliwi. Niliyapaka mafuta ya mwili. Mtoto akifuata picha hiyo ataugua au atakata tamaa. Picha sahihi ni zile unazoziita chafu."

Mgeni akacheka kidogo, kile kicheko cha kumfunga mtu mdomo. "Kijana, picha haina harufu. Nani atajua?"

Ndipo Ndugu Kashindye akasimama. Unajua anavyosimama, taratibu, kama anafungua zizi. "Mimi ninajua," akasema. "Niliyala."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mwalimu mmoja wa kike wa Idodi, kutoka nyuma, akauliza kwa upole kabisa, "Yote, baba?"

"Yote. Nilikuwa nimekaribishwa."

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia kwenye semina. Mgeni rasmi alijaribu kujizuia, akashindwa, akafuta macho kwa ratiba. Akasema basi, hiyo ishushwe. Walimu wakahamia kwenye mabuje. Wakaanza kubishana: mmoja anasema hapo maji hayakuchemka, mwingine anasema unga umemiminwa wote kwa pamoja, mwingine anataka kujua nani alipika ili amwonee huruma. Mgeni rasmi naye akaingia kwenye ubishi, kumbe anajua kusonga. Zote zimepitishwa.

Jioni Ndugu Kashindye aliniita nje, akaweka karatasi mbili juu ya boneti ya gari. Kushoto barua yangu ya kuacha kazi, kulia barua ya kuthibitishwa. Akanipa kalamu.

"Leo umefanya jambo moja kwa hiari," akasema. "Ongeza la pili."

Nimesaini ya kulia, dada. Yeye alishikilia karatasi isiteleze. Nimethibitishwa.

Kesho mpigie mama simu, nakuomba. Mimi nitakosea namba.

Mdogo wako,
Obeid Mwasomola
Karani


Igowole,
15 Aprili 2025

Obeid, karani kamili,

Mama nilimpigia. Alipiga vigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Anauliza utaoa lini. Inaonekana amezungumza na Mama Lea.

Picha zimefika. Nimezibandika darasani juu ya sehemu inayovuja, zinazuia na mvua. Leo nilianza na ugali wako. Nilitaka niwaulize wanaona nini, lakini sikuwahi. Goodness, msichana ambaye tangu Januari hajafungua mdomo wake kwenye somo langu, alisimama akaunyooshea kidole. "Mwalimu," akasema, "huu ni wa nyumbani kwetu."

Darasa zima likacheka. Hakukaa. Akasubiri wamalize, akauliza, "Sasa mabuje haya yanatokana na nini?"

Nina miaka sita nafundisha sayansi kimu, mdogo wangu. Wamenakili jibu la swali hilo kutoka ubaoni mara nyingi. Ni mara ya kwanza mtu analiuliza. Kengele ililia, hakuna aliyetoka.

Wiki ijayo tunaingia kwenye chapati. Nahitaji picha ya iliyoungua nje na mbichi ndani, na nyingine ngumu ya kutosha kusimama yenyewe. Naomba kabla ya Jumatatu.

Usijitahidi. Pika tu kama unavyopika.

Dada yako,
Yusta